Safari ya Divai na Swali la Shinikizo



Juma hili tunatafakari jambo ambalo huenda wengine wataliona geni katika ukurasa huu, yaani safari ya kuonja divai. Katika jumuiya ndogo ndogo za hapa Mpui limejitokeza kundi la waamini, wengi wao wakulima wa mahindi na maharage, wanaotaka kuweka akiba ili mwaka ujao, baada ya mavuno, waende Dodoma wakaione mizabibu kwa macho yao. Tangu mafundisho ya Komunyo ya kwanza wamesikia habari za mzabibu na matawi, za wafanyakazi walioitwa saa kumi na moja, za Nabothi aliyeuawa kwa sababu ya shamba lake. Lakini mzabibu wenyewe hawajauona. Wametuomba tuwapangie njia. Tumekubali, na tumeona vema kuanza na historia, kwa kuwa msafiri asiyeijua historia ya divai atarudi nyumbani na ladha mdomoni tu.

Divai ilifika katika nchi yetu ya Ufipa kabla ya barabara, kabla ya reli, na ilifika kichwani mwa mpagazi. Kardinali Lavigerie, Askofu Mkuu wa Algiers tangu 1867, alianzisha shirika la Wamisionari wa Afrika mwaka 1868. Ndio hao wazee wetu waliowaita Mapadre Weupe. Mwaka 1878 msafara wao wa kwanza uliondoka Bagamoyo kuelekea bara. Padre Pascal, aliyeteuliwa kuongoza kundi la Tanganyika, alifariki kwa homa njiani. Wenzake walifika ziwani mwanzoni mwa 1879. Mwaka 1885 walikabidhiwa kituo cha Karema, kilichokuwa kimejengwa na Wabelgiji, na kutoka huko kando ya ziwa Injili ilipanda taratibu hadi nyanda za juu tunakoishi.

Sasa tufikirie mizigo ya misafara ile. Mpagazi alibeba karibu frasila mbili, yaani kilo thelathini na kitu. Nguo, shanga, dawa, vitabu, unga wa ngano na divai ya Misa, vyote vilihesabiwa kwa kipimo hicho cha kichwa na bega. Kutoka pwani hadi Tabora, kisha hadi ziwani, ilikuwa safari ya miezi. Njia ilipita Mpwapwa na kukata Ugogo, ambako watemi walidai hongo kwa kila msafara uliotumia maji yao na kupita katika nchi yao. Kwa maneno mengine, divai iliyotolewa katika altare za mwanzo za Karema ilivuka nchi ya Dodoma ikiwa imefungwa katika mzigo, miongo mingi kabla ya mtu yeyote kuchimba shimo la kupanda mzabibu katika udongo ule. Kikundi chetu kitakaposafiri kwenda Dodoma kitakuwa kinairudia njia ya divai hiyo kinyumenyume.

Wamisionari hao hawakuwa wageni wa kazi ya mizabibu. Karibu na Algiers, mahali palipoitwa Maison-Carrée, walikuwa na mashamba ya mizabibu yao wenyewe. Hizo ndizo zilizokuwa nyakati ambapo kidudu kilichoshambulia mizizi kilikuwa kinaiangamiza mizabibu ya Ufaransa, kuanzia miaka ya 1860, na Algeria iliyotawaliwa na Wafaransa ikapandwa mizabibu kwa wingi ili kuziba pengo. Adrian Atiman, yule tabibu katekista ambaye jina lake halijafutika kandokando ya ziwa letu, alikombolewa utumwani na Mapadre Weupe, akalelewa kwao Afrika ya Kaskazini, akasomea utabibu Malta, na akafika Karema mwaka 1889, akahudumu huko hadi kifo chake mwaka 1956. Hapana shaka alikuwa miongoni mwa watu wachache sana wa Karema waliopata kuiona nchi ya mizabibu.

Baadaye safari ya chupa ikawa nyepesi. Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914, na meli iliyozamishwa na Wajerumani mwaka 1916 ilifufuliwa, ikapewa jina la Liemba na kurudishwa kazini mwaka 1927. Mizigo ya misheni iliweza sasa kushuka katika bandari za ziwa na kupandishwa milimani. Lakini divai yenyewe iliendelea kutoka ng'ambo. Ufipa ilikuwa na kinywaji chake, pombe ya ulezi, na katika kinywaji hicho kuna jambo tunalotaka msomaji alishike tangu sasa. Katika pombe ya ulezi, anayelima, anayeandaa kimea, anayepika na anayeuza aghalabu ni mama mmoja. Chungu ni chake. Hakuna mtu anayesimama kati yake na mnywaji.

Divai haiko hivyo. Zabibu ikishaiva haingoji. Mkulima wa Rukwa anaweza kuyaweka mahindi yake ghalani akisubiri Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula afungue mizani, au asubiri bei ipande mwezi wa kwanza. Akikosea katika kukadiria atapata hasara, lakini mahindi bado yatakuwa mahindi. Zabibu za divai zikikaa siku chache baada ya kuiva huanza kunyauka, kuoza na kuliwa na ndege na nyuki. Lazima zikamuliwe. Kwa hiyo mwenye shinikizo, yaani mwenye mtambo wa kukamua na matangi ya kuhifadhi, ndiye anayeamua bei, hata kama hajawahi kushika jembe. Nabii Isaya anapoeleza shamba la mpenzi wake anataja kuondolewa mawe, mnara uliojengwa na shinikizo lililochimbwa ndani ya shamba lenyewe. Bwana Yesu katika mfano wa wakulima waovu anarudia vitu hivyohivyo. Watu wa kale walijua kwamba shamba lisilo na shinikizo ni nusu ya shamba.

Historia ya Ulaya inasema vivyo hivyo. Tunasifu sana watawa wa Burgundy, hasa Wasisteriani, walioanza katika karne ya 12 kulilima shamba la Clos de Vougeot na kuijenga sifa ya divai ya nchi ile; sifa hiyo wanastahili. Hata hivyo, katika sehemu nyingi za Ufaransa mkulima mdogo alilazimishwa kukamua zabibu zake katika shinikizo la bwana wa nchi na kuacha sehemu ya mavuno kama malipo, na mara nyingine bwana huyo wa nchi alikuwa monasteri. Tunalisema hili bila kuona haya, maana ukweli haulidhuru Kanisa.

Wakulima walichelewa sana kupata jibu. Mwaka uleule wa 1868 ambao Lavigerie alianzisha shirika lake, wakulima wa bonde la Ahr nchini Ujerumani, katika kijiji cha Mayschoß, waliunda ushirika wa kukamua na kuuza divai kwa pamoja, mmoja wa ile ya kale kabisa duniani. Kusini mwa Ufaransa, kijiji cha Maraussan kilifuata mwaka 1901. Mwaka 1907 bei ya divai katika jimbo la Languedoc ilikuwa imeporomoka, kwa sehemu kwa sababu ya divai ya bandia iliyotengenezwa kwa sukari na maji, na wakulima walilaumu pia divai nyingi iliyotoka Algeria. Mamia ya maelfu ya watu waliandamana, na huko Narbonne askari wakawapiga risasi raia. Baada ya machungu hayo vyama vya ushirika vilienea kusini kote. Anayefungua leo chupa ya divai ya eneo lile na kusifu harufu yake hana budi kukumbuka kwamba shinikizo lile liligharimu damu.

Afrika ya Kusini ina historia chungu zaidi. Divai ya kwanza ya Rasi ilikamuliwa mwaka 1659, na mashamba yakakuzwa kwa kazi ya watumwa. Hata baada ya utumwa kukomeshwa, kwa muda mrefu vibarua walilipwa sehemu ya ujira wao kwa divai, desturi iliyoharibu familia nyingi na kuacha watoto waliozaliwa na madhara ya ulevi wa mama zao. Wapo watakaouliza kwa nini hatuendi huko, kwenye divai yenye jina kubwa. Kwanza ni mbali, na gharama yake ni kubwa kuliko gunia la mahindi linavyoweza kubeba. Pili, tungependa watu wa Mpui waanze na mkulima wanayeweza kuzungumza naye Kiswahili.

Basi twende Dodoma. Wapasionisti wa Italia walipokea eneo lile katika miaka ya 1930, na kwa kawaida inasimuliwa kwamba mizabibu ilianza kupandwa katika misheni ya Bihawana, nje kidogo ya mji, mwaka 1957. Kutoka Bihawana mche ulitembea. Ulifika katika shamba la gereza la Isanga, ukafika vijijini, na serikali ikauona kuwa zao la biashara kwa nchi kame isiyo na mazao mengi ya fedha. Mvua ya Dodoma ni ya milimita 600 hivi au pungufu kwa mwaka, tena ya msimu mmoja. Jua ni kali na hewa ni kavu. Pale ambapo mtama hulalamika, mzabibu hustawi. Kwa kuwa hakuna baridi ya kuulaza usingizi kama Ulaya, mkulima huuongoza kwa mkasi: akipogoa leo, baada ya miezi michache atavuna. Hivyo Dodoma huvuna mara mbili kwa mwaka, mara moja kati ya Februari na Machi, na mara nyingine Agosti hadi Septemba. Ni nchi chache duniani zenye neema hiyo.

Tatizo halikuwa shambani. Kiwanda kikubwa cha umma, DOWICO, ndicho kilichokuwa shinikizo la wakulima wote, na kilipodhoofika na kusimama, mashamba mengi yaliachwa vichaka. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 alikuja mwekezaji kutoka Italia na kiwanda cha CETAWICO kikajengwa Hombolo. Kampuni inayotengeneza Konyagi nayo ilianza kununua zabibu na mchuzi wake. Viwanda vidogo vya Watanzania vikafuata. Mizabibu ikapandwa upya, na kwa bidii kubwa. Lakini katika miaka ya karibuni imekuwapo misimu ambayo wanunuzi walipunguza kiasi, na wakulima wakaangalia zabibu zikiozea mtini. Wengine waliokolewa na mtambo mdogo wa kukamua, kwa sababu mchuzi wa zabibu ukiwa ndani ya tangi lililofungwa vizuri unaweza kusubiri miezi, wakati zabibu haziwezi kusubiri juma. Tofauti kati ya mkulima mwenye tangi na mkulima asiye na tangi ni tofauti kati ya mtu anayeuza na mtu anayeomba kununuliwa.

Kwa sababu hiyo tunawapangia ndugu zetu safari yenye kituo kingi shambani na kituo kichache mezani. Wakati unaofaa ni mwisho wa Agosti. Mavuno ya Machi yangekuwa mazuri pia, lakini huangukia Kwaresima, na hatudhani paroko yeyote angebariki msafara wa kuonja divai katikati ya mfungo. Agosti mahindi ya Ufipa yamekwisha pukuchuliwa, barabara ni kavu na mifuko ina kitu. Mpui ipo kwenye barabara ya Tunduma, basi kwenda wapitie Tunduma, Mbeya na Iringa, kote ni lami. Kurudi tungependelea njia ya Tabora na Mpanda, ingawa ni ndefu kwa mwili, ili waone angalau sehemu ya nchi ambayo wapagazi waliipita kwa miguu.

Bihawana iwe ya kwanza, kwa heshima ya mwanzo wake. Siku ya pili iwe Makutupora, kaskazini mwa mji, ambako Taasisi ya Utafiti wa Kilimo ina kituo kinachoshughulikia zabibu. Waulize juu ya aina inayoitwa Makutupora nyekundu, iliyolichukua jina la mahali pale, na juu ya Chenin Blanc inayotoa divai nyeupe. Siku ya tatu waende Chinangali, wilayani Chamwino, waone wakulima wadogo waliopanga mistari yao kando kando katika eneo moja la umwagiliaji. Hapo wakae mchana kutwa. Wasaidie kuchuma, kama wataruhusiwa, maana mkono ulioshika kishada unajifunza kuliko sikio. Hombolo, penye bwawa na viwanda, iwe ya mwisho, na hapo ndipo waonje.

Kuhusu kuonja, tuseme wazi. Mwonjaji hujaza funda moja, huizungusha mdomoni, na huitema katika chombo kilichowekwa kwa kazi hiyo. Kutema si utovu wa adabu bali ndiyo adabu yenyewe. Mama zetu waliozoea kuonja ulezi ili kujua kama umechachuka vema hawatapata shida. Divai nyekundu ya Dodoma mara nyingi ni nzito na tamu, kwa kuwa jua kali huijaza zabibu sukari. Ile kavu hukaza ulimi kama chai iliyokaa sana jikoni. Anayejijua kuwa ana udhaifu wa pombe aende shambani na asiende mezani, wala mtu asimtanie.

Wale watakaobaki na nauli wanaweza kuyaona maeneo yanayochipukia. Kutoka Dodoma treni mpya ya umeme, iliyoanza kufika huko mwaka 2024, huwashusha Morogoro au Dar es Salaam, na kutoka pwani mabasi hupanda Usambara kupitia Mombo hadi Soni. Karibu na Soni ipo misheni ya Sakharani ya Wabenediktini, yenye kahawa, makadamia na mizabibu ya mlimani. Jina la Sakharani ni la utani alilopewa Tom von Prince, afisa wa Kijerumani aliyekuwa na shamba hapo na aliyeuawa katika vita vya Tanga, Novemba 1914. Njia hiyo hiyo mtakutana na divai za ndizi na za choya. Ni vinywaji vizuri, lakini mjue kwamba haviwezi kupanda altareni, kwa kuwa sheria ya Kanisa inataka divai asilia ya tunda la mzabibu, isiyochanganywa wala kuharibika.

Nchini Kenya, Naivasha imekuwa ikitoa divai iitwayo Leleshwa, na Ethiopia, kampuni ya Castel ya Ufaransa ilianza kujaza chupa za divai ya Ziway mwaka 2014. Tunaitaja Naivasha kwa makusudi. Mashamba yake yako kwenye kimo cha karibu mita 1,900, si mbali na kimo cha sehemu nyingi za Ufipa, na usiku wake ni wa baridi kama wetu. Tayari tumesikia vijana wakisema, kama Naivasha wameweza, kwa nini Mpui ishindwe? Swali ni zuri. Mvua zetu za masika ni nyingi kuliko zao, na unyevu huleta ukungu kwenye majani. Lakini kuanzia Mei hadi Oktoba tuna ukavu wa kutosha, na penye kijito cha kumwagilia mtu angeweza kujaribu miche michache nyuma ya nyumba. Ajaribu kwa ajili ya kula na kujifunza. Ekari za mizabibu Ufipa, wakati shinikizo la karibu lipo Dodoma, zingekuwa njia ya haraka ya kuwafilisi vijana wetu.

Yapo maswali ambayo tumewaomba wasafiri wayaandike katika daftari na kuyauliza kila wanapofika: mtambo huu ni wa nani? Bei ya kilo hupangwa lini, kabla ya kuchuma au baada? Mkulima hulipwa baada ya siku ngapi? Ushirika una tangi lake? Sheria ya ushuru kwa miaka mingi imeitoza kodi ndogo divai iliyotengenezwa kwa zaidi ya asilimia 75 ya zabibu za nchini. Je, nafuu hiyo inamfikia aliyechuma? Tungependa majibu yasomwe katika halmashauri ya parokia, kwa sababu sisi nasi ni wanunuzi. Kila parokia hununua divai ya Misa. Ni kidogo kwa Misa moja, lakini ukizihesabu Misa za Dominika na za siku za juma, vigango na misiba, halafu ukahesabu parokia zote za nchi hii, si kidogo tena. Sheria ya Kanisa haitaji nchi ambako mzabibu uote. Inataka divai iwe safi, na usafi huo kiwanda cha Tanzania kinaweza kuuthibitisha kwa barua kwa Askofu.

Wanaotaka kusafiri wajiandikishe kwa makatibu wa jumuiya zao kabla ya kupanda maharage. Waje na koti kwa ajili ya njia ya Iringa, kofia kwa ajili ya jua la Dodoma, na mkasi wa kupogolea kwa yeyote aliye nao, maana wakulima wa Chinangali hawana muda wa kuwafundisha watu wenye mikono mitupu.